Kona ya Kusini

Kabla muadhini hajakohoa kwenye kipaza sauti
baba alikuwa ashakoroga chokaa.
Ndoo mbili, kata ya kifuu,
na punda jike aliyeitwa Penalti
kwa kuwa mateke yake hayakukosa mtu.
Mimi nikashika kamba huku,
yeye akaenda nayo kule,
na uwanja wa Mapondea ukatoka mweupe
kila Ijumaa
kama kanzu ya dobi.

Mguu wake wa kulia ulikuwa mfupi,
tangu mzigo wa boriti ulipomwangukia utotoni.
Basi mstari ulikwenda sawa mpaka katikati,
kisha ukaanza kuchechemea naye.
Kona ya kusini ikaingia ndani
hatua tatu na kitu.
Miaka thelathini na mmoja.
Amu nzima ilijua.
Wageni ndio hawakuambiwa.

Baada ya alasiri ukuta ukajaa,
ukuta wa mawe ya matumbawe, umejengewa baraza ndani yake:
Mkomani kivulini, Langoni juani,
na kila msimu Langoni wakaandika barua
kulilalamikia jua.
Bi Rukia Famau na viazi vyake vya karai,
pilipili kwa mujibu wa matokeo:
sare, kijiko kimoja;
tukifungwa, usimlaumu.
Skanda na bomba lake la kutangazia, limepasuka mdomo:
"Namba saba, Twalibu. Namba nane, Bunu.
Kiatu cha mtoto, cha kushoto, kipo kwangu.
Namba kumi na moja — mnamjua."

Tulimjua. Kupi.
Hakuwa na mbio. Hakuwa na kichwa.
Alikuwa na kona ile.
Sisi wanawake tulitazama kutoka darini kwa Mwana Shee,
na bao tukaliona kabla ya waume zetu;
vigelegele vikishuka, chini ndipo wakaruka.
Kipa wa Witu, fainali ya Mfungo Sita,
aliruka pale mpira ulipopaswa kuwa.
Ulikuwa ushapita.
Akaapa mna jini.
Tukamwambia pole, ni upepo.

Mwaka jana wakaja watu wa kaunti
na kipimo kinachotema taa nyekundu.
Wakapima. Wakapima tena. Wakatazamana.
"Uwanja huu si mstatili."
Mwenyekiti akauliza, "Ni nini basi?"
Hakuna aliyekuwa na jina lake.
Wakaunyoosha kwa rangi ya mashine, asubuhi moja,
bila punda.

Baba hakwenda. Siku hizi halali chali,
chokaa yote ile imehamia kifuani.

Mechi ya kwanza, wageni Malindi.
Kona ya kusini akaipiga mtoto wa Kupi,
vilevile alivyofundishwa, kipimo cha babake,
na mpira ukadondoka
hatua tatu kabla ya kichwa cha mtu yeyote.
Kipa akaupokea kama sahani ya pilau.
Ukuta ukanyamaza. Hata Langoni.
Nikamsikia Bi Rukia akifungua kopo la pilipili.

Usiku baba hakuniuliza mabao.
"Kona imekaaje?"
"Imenyooka."
Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata,
nikamshika mgongo,
akacheka tena.

Sikumwambia nilichokiona kutoka darini.
Pale mstari wa zamani ulipopita
nyasi hazijaota. Chokaa imeunguza udongo.
Njia nyembamba, kavu, inachechemea
ndani ya ule mwingine mnyoofu,
kama mtu aliyetangulia kutoka nyumbani
na hataki kusindikizwa.

Dakika ya themanini, kona tena.
Mtoto wa Kupi akatazama bendera,
akatazama chini,
akauweka mpira kwenye udongo mtupu.
Msaidizi wa refa akausogeza nyuma kwa kidole cha kiatu,
akageuka kurudi mahali pake.

Kijana akaurudisha.